Kocha Akihama, Mji Mdogo Hubaki na Nini?

Ishiara iko Mbeere Kaskazini, upande wa joto wa Kaunti ya Embu, kwenye barabara inayotoka Ena na kupitia Kathwana na Chiakariga hadi Mitunguu na Meru. Ni mji wa soko. Mbuzi, ndengu, mtama na muguka ndivyo vinavyouletea pesa. Chuo kikuu hauna. Kijana wa Ishiara anayetaka shahada hupanda kwenda Embu au Chuka, ama huvuka Mto Thuci kuelekea Chuo Kikuu cha Tharaka kule Gatunga. Kwa hiyo kandanda ya ushindani katika mji kama huu huchezwa zaidi na timu za shule, na kocha huwa ni mwalimu aliyeajiriwa kufundisha hisabati, kemia au Kiswahili, kisha akaongezewa mpira. Mwalimu huyo akipata barua ya uhamisho, timu huyumba, na mara nyingi huporomoka kabisa. Wazazi na wachezaji wamelizoea jambo hili hata hawalilalamikii tena. Hoja yangu ni kwamba halikupaswa kuzoeleka. Kuondoka kwa kocha ni jambo la kawaida katika kazi yoyote ile. Kinachoiua timu ya mashambani ni kwamba kocha anaondoka wakati hakuna mtu wa pili aliyekwisha kuandaliwa.

Ushahidi mzuri wa hoja hii unapatikana mbali sana na Embu, huko Marekani, ambako mpira wa vyuo vikuu ni biashara kubwa. Mpira wenyewe si kandanda yetu. Hubebwa mikononi, wachezaji huvaa kofia ngumu na hugongana kwa nguvu, na kila timu huwa na watu kumi na mmoja uwanjani. Vyuo vingi vinavyoucheza vilijengwa katika miji midogo iliyo mbali na majiji, na siku ya mechi, ambayo kwa kawaida ni Jumamosi, uwanja huweza kujaza watu wengi kuliko wakazi wa mji mzima. Hoteli, mikahawa na wauza fulana hutegemea Jumamosi chache za msimu. Ndiyo maana kocha wa chuo huko hulipwa kuliko mkuu wa chuo chenyewe, na kumfukuza ni gharama kubwa. Mnamo Novemba 2023 Chuo Kikuu cha Texas A&M kilimwachisha kazi Jimbo Fisher huku kikidaiwa naye zaidi ya dola milioni 75 zilizokuwa zimebaki katika mkataba wake. Kwa viwango vya sasa hizo zinakaribia shilingi bilioni 10 za Kenya, kwa mtu mmoja, ili asifanye kazi.

Lakini pesa hizo haziwi kinga kwa mji mdogo. Pullman, katika jimbo la Washington, ni mji wa mashamba ya ngano uliojengeka kuuzunguka Chuo Kikuu cha Washington State. Mike Leach aliifundisha timu ya chuo hicho kuanzia msimu wa 2012, akaiweka kwenye ramani, kisha Januari 2020 akaenda Mississippi State. Nick Rolovich aliyemfuata alifukuzwa Oktoba 2021, katikati ya msimu, kwa kukataa chanjo ya korona iliyotakiwa na serikali ya jimbo. Jake Dickert aliyekuwa msaidizi wake alichukua usukani, naye mwishoni mwa 2024 akaenda Wake Forest. Jimmy Rogers alikaa msimu mmoja tu wa 2025 kabla ya kuhamia Iowa State. Katikati ya hayo yote ligi yao ilisambaratika, kwa kuwa vyuo kumi kati ya kumi na viwili vilihamia ligi zenye pesa zaidi za televisheni na kuiacha Pullman na jirani mmoja. Mchezaji aliyejiunga na chuo hicho akiwa na miaka kumi na minane angeweza kubadilishiwa kocha mara mbili au tatu kabla ya kuhitimu, na kila kocha huja na mbinu zake, wasaidizi wake na wachezaji anaowapenda.

Sasa tazama Fargo, jimbo la North Dakota, mahali pa baridi kali ambapo makocha wenye majina hawapakimbilii. Kati ya msimu wa 2011 na ule wa 2024 Chuo Kikuu cha North Dakota State kilicheza katika daraja la pili la mpira huo wa vyuo, na kilitwaa ubingwa wa taifa wa daraja hilo mara kumi. Wengi wangedhani kilikuwa na kocha mmoja aliyekaa muda wote huo. Kilikuwa na wanne. Craig Bohl alishinda mara tatu akaondoka kwenda Wyoming. Chris Klieman alishinda mara nne akaondoka kwenda Kansas State. Matt Entz alishinda mara mbili akaondoka kwenda Chuo Kikuu cha Southern California, na Tim Polasek akashinda msimu wake wa kwanza. Siri iko katika mahali walikotoka. Klieman alikuwa mkuu wa ulinzi chini ya Bohl. Entz alikuwa mkuu wa ulinzi chini ya Klieman. Polasek alikuwa amefanya kazi hapo kwa miaka mingi kabla ya kwenda kutafuta uzoefu kwingine na kurudi. Makocha waliondoka kama wanavyoondoka Pullman, ila kila mara aliyeshika nafasi alikuwa tayari anajua milango ya chumba cha mazoezi, majina ya walimu wa shule za sekondari wanaowalea wachezaji, na namna chuo hicho kinavyopenda kucheza.

Mji wa Manhattan katika jimbo la Kansas unaonyesha pande zote mbili za jambo hili. Bill Snyder alipofika Kansas State mwaka 1989, timu haikuwa imeshinda mechi hata moja tangu Oktoba 1986. Aliijenga pole pole hadi ikawa miongoni mwa timu bora nchini, akastaafu mwishoni mwa 2005. Chuo kikaleta kocha kutoka nje, naye akadumu misimu mitatu tu, na mwaka 2009 ikabidi wamrudishe mzee aliyekuwa na karibu miaka sabini. Alikaa hadi 2018. Mara ya pili hawakurudia kosa, kwani walimchukua Klieman, mtu aliyelelewa katika utaratibu wa Fargo, naye akaipa timu ubingwa wa ligi yao mwaka 2022. Klieman alipostaafu mwishoni mwa 2025, kazi alipewa Collin Klein, aliyewahi kuichezea timu hiyo hiyo chini ya Snyder. Ilichukua zaidi ya miongo mitatu, lakini mji uliomlilia mtu mmoja arudi sasa unajiandalia makocha wake wenyewe.

Msomaji wa Embu anaweza kuuliza mamilioni hayo yanamhusu nini mwalimu wa Mbeere Kaskazini anayepaka mistari ya uwanja kwa majivu. Yanamhusu zaidi kuliko yanavyowahusu Wamarekani. Chuo cha Pullman kikipoteza kocha hubaki na ofisi ya michezo, daktari wa timu, kanda za video na makarani wanaolipwa. Timu ya shule ya mashambani mara nyingi haina kitu nje ya kichwa cha mwalimu mmoja. Fikiria anachokibeba. Ndiye anayejua ni mvulana yupi cheti chake cha kuzaliwa kina jina tofauti na lile lililo kwenye usajili wa mtihani, kasoro inayoweza kuifanya timu nzima ipokonywe ushindi kwenye mashindano ya kaunti. Ana funguo za stoo yenye mipira minne, miwili ikiwa imepasuka, na seti moja ya jezi ambayo lazima ifuliwe na kuanikwa kati ya mechi ya asubuhi na ya alasiri. Anajua mzazi gani atakataa mwanawe asisafiri mpaka aende mwenyewe nyumbani kumwomba, na ni mwenye matatu yupi atakubali kulipwa baada ya mashindano. Anakumbuka kwamba winga wake wa kushoto aliumia goti mwaka jana na hapaswi kucheza mechi mbili kwa siku. Hakuna hata moja kati ya haya lililoandikwa katika barua ya uhamisho, kwa sababu kwenye karatasi za mwajiri yeye ni mwalimu wa hisabati.

Mwajiri huyo, Tume ya Huduma za Walimu, ana sababu zake za kuhamisha. Lazima asawazishe walimu kati ya shule zenye wengi na zenye wachache, na masomo ya darasani ndiyo yanayotangulia. Lakini tulishaona mfano wa uhamisho wa jumla ulivyoweza kutikisa shule. Sera ya kuwahamisha walimu nje ya kaunti zao iliyoanza kutekelezwa kwa nguvu mwaka 2018 iliwagusa maelfu ya wakuu wa shule na walimu, na baada ya malalamiko ya miaka kadhaa, maelfu wakaruhusiwa kurejea kaunti zao kuanzia 2023. Mjadala wakati huo ulihusu familia zilizotenganishwa na uongozi wa shule, na ulistahili kuwa hivyo. Timu hazikutajwa sana. Hata hivyo shule iliyompoteza kocha wake 2018 na nyingine iliyompoteza wake 2023 zote zilianza upya, na mchezaji wa kidato cha pili aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kung'aa hakuwa na miaka ya kungoja. Shule ya Ishiara hulazimika kupita kaunti ndogo, kisha Kaunti ya Embu, kisha Eneo la Mashariki inakokutana na wakali wa Machakos, Kitui na Meru, kabla ya kufika mashindano ya taifa. Ngazi hizo hazipandwi kwa mwaka mmoja.

Hapa nchini tunao mfano wa Fargo, ingawa wengi huusimulia vibaya. Ndugu Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika Shule ya Upili ya St. Patrick's, Iten, mwaka 1976 kufundisha jiografia. Hakuwa na mafunzo ya riadha. Kutoka mikononi mwake wakapita Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 mwaka 1988, Matthew Birir, bingwa wa kuruka viunzi na maji mwaka 1992, na baadaye David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 jijini London mwaka 2012. Kwa kawaida hadithi hii husimuliwa kama sifa ya mtu aliyekaa mahali pamoja maisha yake yote, na kukaa huko ni kweli kulileta matunda. Lakini tazama mwanzo wake. Kocha wa riadha shuleni hapo alikuwa Mwingereza Peter Foster, ndugu wa mwanariadha Brendan Foster, naye O'Connell alianza kwa kumsaidia. Foster alipoondoka mwaka uliofuata, kazi haikukatika kwa sababu palikuwa na msaidizi aliyekuwa akitazama, kuuliza na kujifunza. Sifa yote ya Iten, yenye mabingwa na lango la kuwakaribisha wageni katika makao ya mabingwa, inasimama juu ya makabidhiano yale yaliyofanyika kimya kimya kati ya mwalimu anayeondoka na mwalimu anayebaki.

Kuna atakayesema Iten ilisaidiwa na mwinuko wake wa mita zipatazo 2400 na vipaji vya Wakalenjin, si makocha. Mwinuko ulikuwapo karne nyingi kabla ya 1976, na Kenya ina miji mingine mingi ya juu ambayo haikutoa mabingwa kwa wingi huo. Vipaji viko kila mahali penye watoto wanaokimbia. Kinachopungua ni mtu wa kuvitambua mwaka baada ya mwaka bila kukatika. Na manufaa ya kutokatika huko hayakuishia uwanjani. Iten leo ina kambi za mazoezi, ikiwemo ile iliyoanzishwa na Lorna Kiplagat, nyumba za kupangisha na mikahawa inayowalisha wakimbiaji kutoka mataifa mengi. Sisemi kwamba Ishiara itageuka Iten. Nasema kwamba kibanda cha chai karibu na uwanja, mwendesha bodaboda na mama muuza ndizi huhisi tofauti kati ya shule inayoandaa mashindano ya kaunti ndogo kila mwaka na shule ambayo timu yake imekufa.

Pingamizi zito zaidi ni la wale wanaosema mabadiliko ni afya. Kocha akikaa sana hugeuka mfalme, huchagua wachezaji kwa upendeleo, na mbinu zake hupitwa na wakati. Zaidi ya hayo, mtu mzima mmoja aliyepewa madaraka yote juu ya watoto, anayesafiri nao na kulala nao kambini bila mwingine wa kumchunga, ni hatari inayotosha kumhamisha mtu hata kama anashinda vikombe. Nakubaliana na hofu hiyo yote, na ndiyo inayonifanya nisidai kocha abaki milele. Lakini tiba ya hatari hiyo ndiyo hiyo hiyo tiba ya uhamisho, yaani mtu wa pili. Timu yenye kocha na msaidizi wa kweli, mwenye funguo zake na orodha yake, hakuna mmoja anayeweza kuifanya shamba la baba yake. Timu ya wasichana isiyo na mwanamke kati ya wakufunzi wake haipaswi kusafiri, na huyo mwanamke akiwa msaidizi anayejifunza kazi kwa dhati badala ya kuwa mshika mifuko, shule imepata ulinzi na mrithi kwa mkupuo mmoja. Kuhusu mbinu mpya, timu ya taifa imetuonyesha kwamba kubadilisha kocha mara kwa mara hakuleti fikra mpya kwa lazima. Kati ya Novemba 2017 na Septemba 2021 Harambee Stars ilipitia mikononi mwa Paul Put, Sébastien Migné, Francis Kimanzi, Jacob Mulee na Engin Firat. Migné aliifikisha Kombe la Afrika 2019 baada ya miaka kumi na mitano ya kukosekana, akaondoka Agosti mwaka huo huo, na kufuzu kwa awamu iliyofuata kukashindikana.

Swali la pesa lina uzito, kwa kuwa shule nyingi za kutwa za Mbeere zinatembea kwa mgao wa serikali uliopangwa kuwa shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, mgao ambao mara nyingi huchelewa na ambao sehemu yake ndogo tu ndiyo hutengewa shughuli za michezo. Hazina uwezo wa kuajiri kocha wa pili. Lakini mtu wa pili si lazima aajiriwe. Mji wowote wenye soko una vijana waliomaliza shule, waliowahi kuichezea, na ambao jioni wako huru. Shirikisho la soka huendesha mafunzo ya leseni ya D ya CAF, ngazi ya chini kabisa ya ukocha inayotambuliwa barani, na kijana mmoja wa mahali hapo aliyelipiwa mafunzo hayo na chama cha wazazi, hazina ya eneo bunge au wafanyabiashara wa soko hawezi kuhamishwa na tume yoyote. Vyuo vya karibu navyo hutuma wanafunzi wa ualimu kwa mazoezi ya kufundisha, na wengi wao wamecheza katika timu za vyuo vyao. Muhula mmoja chini ya kocha unatosha kuandika daftari la timu likaeleweka. Daftari hilo lenyewe ni la bei ya kitabu cha mazoezi, nalo liwe na majina, tarehe za kuzaliwa, majeraha, namba za simu za wazazi, madeni ya usafiri na mpangilio wa mazoezi wa kila wiki. Nalisisitiza kwa sababu ni kitu ambacho mkuu wa shule anaweza kukidai kesho asubuhi bila kuomba idhini ya mtu yeyote.

Tume nayo ina sehemu yake. Haitarajiwi kumwacha mwalimu mahali pamoja kwa ajili ya mpira, wala haki ya mwalimu kutafuta shule iliyo karibu na mkewe, mumewe au wazazi wake haiwezi kuwekwa chini ya ligi ya shule. Inachoweza kufanya ni kuihesabu kazi hiyo kama kazi. Fomu ya makabidhiano inayomtaka mwalimu wa kemia arudishe vitabu na vifaa vya maabara ingeweza kumtaka pia akabidhi timu kwa mtu mwenye jina, na uhamisho usiokuwa wa dharura ungeweza kungoja hadi mwisho wa muhula wa pili, ambao ndio wa mashindano ya soka. Hilo limekuwa la dharura zaidi tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walipoingia Gredi ya 10. Sanaa na sayansi ya michezo sasa ni mojawapo ya njia tatu ambazo mwanafunzi wa sekondari ya juu huchagua. Mwanafunzi aliyeichagua njia hiyo, kocha akihama bila mrithi, anakuwa amepoteza mwalimu wa somo lake, na shule za Mbeere Kaskazini zinazotaka kuifundisha njia hiyo zitalazimika kuonyesha, kabla ya kumpokea mwanafunzi huyo, ni nani mwingine anayejua kulifundisha.